Kuchagua chombo cha safari za mbali katika Elite Dangerous: mwongozo kamili kwa marubani wa Nairobi

Popote wachezaji wa gemu wanapokutana jijini, kuanzia hosteli za wanafunzi kule Roysambu hadi vyumba vya gemu vya katikati ya mji, swali la kwanza kuhusu Elite Dangerous huwa lile lile: "Boss, meli gani inaruka mbali zaidi?" Ni swali la haki, ila likitangulia linapoteza watu. Mtu anakesha wiki nzima akitafuta krediti, yaani pesa za mchezoni, za kununua Anaconda, meli kubwa ya bei ghali, anaipata, anaruka nayo mara mia mbili, kisha anaiegesha moja kwa moja kwa sababu haikubali kutua kwenye miamba pale alipotaka kushuka na kutembea. Chombo cha uvumbuzi huchaguliwa kuanzia mwisho wa safari. Amua kwanza utafanya nini ukifika, ndipo utafute kitakachokufikisha.

Kwa wageni: huu ni mchezo wa kampuni ya Uingereza iitwayo Frontier Developments, uliotoka Desemba 2014. Ndani yake kuna galaksi yetu nzima kwa ukubwa wake halisi, yenye mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400. Maeneo yenye vituo na watu ni kipande kidogo sana cha hiyo. Sehemu kubwa iliyobaki haijawahi kufikiwa na mchezaji yeyote, na ukiwa wa kwanza kuleta taarifa za mfumo fulani, jina lako linaandikwa pale na kila atakayepita baadaye ataliona. Hicho ndicho kinachotuvuta wengi wetu.

Kabla ya kutumia shilingi yoyote

Nairobi ina wachezaji wengi wa PlayStation, kwa hiyo hili litangulie. Mnamo Machi 2022 Frontier walisimamisha uendelezaji wa toleo la konsoli, na nyongeza ya Odyssey ya Mei 2021, ile inayokuruhusu kushuka na kutembea kwa miguu juu ya sayari, haikufika huko. Vyombo vipya ninavyovitaja hapa chini pia havimo. Unahitaji kompyuta ya Windows yenye kadi ya picha inayoeleweka.

Mchezo unataka intaneti muda wote, hata ukicheza peke yako katika hali ya Solo. Kinachokula bando ni kupakua mchezo na masasisho yake, si kuruka kwenyewe, kwa hiyo pakua ukiwa kwenye Wi-Fi isiyopimwa. Kulipa si shida siku hizi: kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay inatosha. Subiri msimu wa punguzo kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, maana bei hushuka sana.

Hatua ya kwanza: taja safari yako kwa jina

Kuna safari za aina tatu, na kila moja ina chombo chake.

Ya kwanza ni ya umbali. Unataka kufika Sagittarius A*, shimo jeusi lililo katikati ya galaksi, takriban miaka ya nuru 25,900 kutoka kwenye Jua letu. Au Colonia, makao ya watu yaliyo kama miaka ya nuru 22,000 kutoka nyumbani. Au Beagle Point, ng'ambo kabisa ya galaksi, zaidi ya miaka ya nuru 65,000. Mkenya ana sababu yake ya kwenda kutazama shimo jeusi: setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ikapewa jina Uhuru, na vipimo vyake vilisaidia kuwafanya wanaastronomia waamini kwamba Cygnus X-1, chanzo kimojawapo cha eksirei hizo, ni shimo jeusi.

Ya pili ni ya kuchora ramani. Huendi mbali sana, lakini unasimama kila mfumo, unaskani sayari zote, na zile zenye thamani unazifikia na kuzirushia vichunguzi. Dunia zinazofanana na yetu, dunia za maji, za amonia, na zile zinazoweza kugeuzwa zikakalika ndizo zinazolipa vizuri.

Ya tatu ni ya viumbe. Unatua kwenye sayari zenye hewa nyepesi, unashuka kwa miguu na kuchukua sampuli za mimea na bakteria. Kila spishi inataka sampuli tatu kutoka makundi yaliyo mbalimbali, kwa hiyo katika sayari moja unaweza kutua mara tatu, nne, tano. Hapa umbali wa mruko unashuka cheo, na urahisi wa kutua unapanda juu kabisa.

Sasa piga hesabu ya muda wako. Chukua safari ya Sagittarius A*. Chombo kinachoruka miaka ya nuru 30 kitahitaji miruko kama 860. Kinachoruka 65 kitahitaji kama 400. Ukihesabu dakika moja kwa kila mruko, pamoja na kuchota mafuta, ni saa kumi na nne dhidi ya saa saba hivi. Kwa mtu anayetoka kazini, akapambana na foleni ya Thika Road, akafika nyumbani akiwa na saa mbili tu kabla ya kulala, hiyo ni tofauti kati ya wiki moja na siku nne. Umbali wa mruko una thamani, lakini thamani yake inatokana na safari uliyochagua. Kwa yule wa viumbe anayeruka mara kumi jioni nzima, haumwongezei kitu.

Hatua ya pili: elewa uzito, ndipo utaelewa kila kitu

Mruko unafanywa na injini inayoitwa FSD. Nguvu yake inagawanywa kwa uzito wa chombo kizima: bodi, moduli, mafuta, mizigo. Ndiyo maana chombo kile kile kinaweza kuruka 25 mikononi mwa mtu mmoja na 70 mikononi mwa mwingine. Wengi hulaumu meli wakati kosa liko kwenye vilivyofungwa ndani yake.

Moduli zote zina ukubwa, ulioandikwa kwa nambari, na daraja, kuanzia E hadi A. Anayeanza hudhani A ndiyo bora kila mahali. Kwa uvumbuzi, A ni ya vitu viwili hasa: injini ya FSD na kichota mafuta, kile ambacho menyu inakiita Fuel Scoop. Karibu kila kitu kingine kiwe D, kwa sababu D ndilo daraja jepesi kuliko yote. Tazama vihisi vya Anaconda: vya 8A vina uzito wa tani 160, vya 8D tani 64. Tani 96 zimetoka kwenye moduli moja, na ukiwa peke yako katikati ya galaksi hutahisi tofauti yoyote, kwa sababu hakuna adui wa kumwona kwa mbali. Mfumo wa hewa wa ukubwa wa 5 ni tani 20 kwa daraja A na tani 8 kwa D. Haba na haba, miaka ya nuru inaongezeka.

Silaha zote toa. Hakuna anayepanda Mlima Kenya amebeba kabati la vyombo. Injini za kusukuma, zile za mwendo wa kawaida, ziwe D, na unaweza kupunguza hata ukubwa wake mradi chombo bado kinanyanyuka vizuri kwenye sayari zenye mvutano mkubwa. Mtambo wa umeme ndio ubaguzi mwingine: uwe A lakini mdogo kadiri inavyowezekana, kwa kuwa wa daraja A unatoa joto kidogo zaidi kwa umeme ule ule.

Ngao usitoe. Najua wapo wanaosafiri bila ngao ili waokoe tani mbili tatu, na kwa mtu anayejaribu rekodi ya umbali hiyo ni haki yake. Kwa sisi wengine, kutua vibaya kwenye sayari yenye mvutano mara mbili wa Dunia bila ngao kunaweza kumaliza safari nzima. Weka ngao ndogo kabisa inayokubali uzito wa chombo, daraja D.

Kuna njia mbili kubwa za kuongeza mruko baada ya hapo. Ya kwanza ni kumtembelea Felicity Farseer, injinia anayepatikana mfumo wa Deciat. Anakukaribisha ukishafika cheo cha Scout katika uvumbuzi, na zawadi anayoitaka ni kipande kimoja cha bidhaa iitwayo Meta-Alloy. Akikuongezea FSD hadi gredi ya 5, uzito ambao injini inaumudu unapanda kwa asilimia 55, kisha unamalizia na nyongeza inayoitwa Mass Manager. Hakuna kitu kingine kwenye mchezo mzima kinacholipa jasho lako namna hii. Tahadhari moja tu: Deciat inajulikana kwa wachezaji wanaovizia wageni, kwa hiyo nenda ukiwa katika hali ya Solo.

Ya pili ni kifaa cha Guardian FSD Booster. Kikiwa cha ukubwa wa 5 kinaongeza miaka ya nuru 10.5 kwenye kila mruko, hata chombo kiwe kizito vipi. Cha ukubwa wa 1 kinaongeza 4. Kukifungua kunataka uende kwenye magofu ya Guardian, jamii ya kale iliyotoweka ndani ya mchezo, na gari la ardhini, upigane na walinzi wake na kukusanya vipande. Kazi hiyo inachosha, nakubali, lakini unaifanya mara moja na kifaa kinabaki chako.

Kuanzia 2024 kuna pia FSD za aina ya SCO, zinazokimbia sana ndani ya mfumo wenyewe. Sayari iliyo mbali na nyota yake, ambayo zamani ingekuchukua robo saa, unaifikia kwa dakika chache. Zinaruka mbali zaidi ya zile za zamani, hivyo zifunge hata kama hutatumia mbio zake. Lakini jua kwamba vyombo vya zamani vikiwashwa SCO huyumba, hupata joto na hubugia mafuta. Vile vilivyotolewa tangu hapo, kuanzia Python Mk II, vimeundwa kuimudu.

Hatua ya tatu: mafuta na joto

Ukiwa mbali hakuna kituo cha mafuta. Unachota haidrojeni kutoka kwenye nyota zenyewe, na si kila nyota inakubali. Zinazochoteka ni za aina O, B, A, F, G, K na M. Nyota kibete za kahawia, kibete nyeupe na za neutroni hazikupi kitu. Fungua ramani ya galaksi, weka kichujio cha aina hizo saba, na upange njia kupitia hizo peke yake hadi uzoee.

Kasi ya kichota ni jambo ambalo watu hulipuuza wanapolinganisha vyombo, na mimi naliweka karibu sawa na umbali wa mruko. FSD ya ukubwa wa 5 inakula takriban tani 5 kwa mruko mmoja mrefu. Kichota cha 4A kinajaza kilo 342 kwa sekunde, kwa hiyo kinarudisha mafuta hayo kwa sekunde kumi na tano hivi. Cha 6A kinajaza kilo 878 kwa sekunde, chini ya sekunde sita. Zidisha tofauti hiyo kwa miruko mia nne na utaona saa nzima imepotea ukining'inia kando ya moto. Unapotazama chombo, tazama nafasi kubwa kuliko zote ndani yake, kwa sababu hapo ndipo kichota kitakaa.

Bei yake itakushtua. Kichota cha 6A ni krediti 28,763,610, zaidi ya mara nne ya bei ya Asp Explorer utakayokifunga. Ukikwama, chukua daraja B la ukubwa ule ule: bei yake inashuka sana na kasi inapungua kidogo tu.

Joto linafuata hapo hapo. Kila mruko unakutua usoni pa nyota. Chombo chenye ubaridi kinakuwezesha kuchota huku FSD ikichaji kwa mruko unaofuata. Chenye joto kinakulazimisha umalize, uondoke, usubiri, ndipo uchaji. Ukipita asilimia 100 moduli zinaanza kuungua. Beba kirusha joto kimoja au viwili, Heat Sink Launcher, kwa siku utakayojikuta katikati ya nyota mbili zilizokumbatiana.

Mafuta yakikuishia kabisa, usizime chombo kwa kukata tamaa. Kuna kikundi cha wachezaji kiitwacho Fuel Rats ambacho kimekuwa kikiwapelekea waliokwama mafuta bila malipo. Toka nje hadi menyu kuu ili hewa isikuishie, halafu watafute.

Hatua ya nne: vyombo vyenyewe

Diamondback Explorer. Bei ya krediti 1,894,760. Kama ningeruhusiwa kumshauri mtu mpya jambo moja tu, ningesema anunue hiki. Kina FSD ya ukubwa wa 5 ndani ya chombo kidogo, kwa hiyo kikishapita kwa injinia na kuwekewa booster kinaruka karibu na miaka ya nuru 70. Ni kibaridi sana, kiasi kwamba unachota na kuchaji kwa pamoja bila wasiwasi. Kinatua popote, hata kwenye mteremko wenye mawe ambapo wenzako wanazunguka dakika tano wakitafuta uwanja. Kasoro zake mbili ni za kweli: kichota kinaishia ukubwa wa 4, na nafasi za ndani ni chache, kwa hiyo ukitaka gari la ardhini, ngao, booster na kifaa cha matengenezo vyote kwa pamoja utabana. Kwa safari ya viumbe kimeweza kuliko meli za bei mara kumi.

Asp Explorer, krediti 6,661,153. Kwa miaka mingi hiki ndicho kilichokuwa jibu la kila swali la uvumbuzi. Kioo cha chumba cha rubani kinashuka hadi chini ya miguu, unaona sayari ikizunguka chini yako, na kwa mtu anayependa kupiga picha za nebula hakuna kilichokifikia mtazamo huo kwa bei hiyo. Kinapokea kichota cha ukubwa wa 6. Kina kelele za injini ambazo baadhi ya watu huchoka nazo baada ya saa tatu. Jaribu kwanza kabla hujaaga.

Krait Phantom, krediti milioni 37 hivi, ni ya mtu anayetaka kila kitu kwa kiasi: mruko wa zaidi ya 70 ikishaboreshwa, kichota cha ukubwa wa 6, nafasi tatu za ukubwa wa 5 kwa ajili ya booster, gari na matengenezo. Inatua kwenye kiwanja cha kati. Ni kubwa kidogo kwa miamba.

Anaconda, krediti 146,969,451. Bodi yake ina uzito wa tani 400 tu, jambo la kushangaza kwa meli ndefu hivyo, na FSD yake ni ya ukubwa wa 6. Ndiyo maana inaruka zaidi ya 80 ikiwa imevuliwa kila kisichohitajika, na bado ina nafasi ya kubeba karakana nzima. Kwa kwenda Beagle Point na kurudi bila kupita kituo, inafaa. Lakini inageuka polepole, inataka uwanja mpana wa kutua, na vituo vidogo haviipokei kwa kuwa havina kiwanja kikubwa. Usiinunue kwa ajili ya viumbe.

Mandalay, ya Zorgon Peterson, ilikuja mwishoni mwa 2024 na kubadilisha mazungumzo yote. Ni ya kiwanja cha kati, ina FSD ya ukubwa wa 5, imeundwa kwa SCO, na ikishaboreshwa inavuka miaka ya nuru 80. Yaani umbali wa Anaconda katika chombo kinachogeuka upesi na kutua bila kusumbua. Mwanzoni iliuzwa kwa pesa halisi, sasa inapatikana kwa krediti za mchezoni. Kwa mtu mwenye krediti za kutosha anayetaka chombo kimoja kwa safari zote tatu, hiki ndicho ninachokichagua, na sioni ubishi mkubwa. Kinachonifanya bado nimwelekeze anayeanza kwa Diamondback ni bei, na ukweli kwamba kujifunza kutua, kuchota na kudhibiti joto kunafaa kufanyika kwenye kitu ambacho kukipoteza hakuumizi.

Dolphin, krediti 1,337,323, ni chombo cha abiria ambacho watu husahau. Hakiruki mbali kama Diamondback kwa kuwa FSD yake ni ya ukubwa wa 4, ila ni kibaridi hata zaidi na kina kichota cha 5. Kama mfuko umebana kabisa, Hauler ya krediti 52,720 itakutoa nje ya maeneo ya watu na kukuonjesha.

Hatua ya tano: hesabu ya hasara

Chombo kikiharibika unalipa asilimia 5 ya thamani yake, pamoja na vilivyofungwa ndani, ili ukirudishiwe. Kwa Diamondback iliyopambwa vizuri hiyo ni laki chache za krediti. Kwa Anaconda yenye thamani ya milioni 250 ni milioni 12 na nusu. Usiruke kamwe bila kiasi hicho mkononi.

Lakini fedha si ndilo jeraha lenyewe. Taarifa zote za ramani ambazo hujauza zinapotea pamoja na chombo. Mwezi mzima wa jioni zako, mifumo mia sita, majina yote ambayo yangekuwa yako, vinafutika. Hiyo ndiyo sababu ninasisitiza ngao, urahisi wa kutua na ubaridi kuliko miaka mitano ya nuru ya ziada.

Vifaa vya kukulinda ni hivi: kifaa cha kutengeneza moduli, AFMU, ambacho hutengeneza FSD na kioo lakini hakigusi bodi wala mtambo wa umeme, kidhibiti cha droni za matengenezo kwa ajili ya bodi, kama nafasi ipo, na kichunguzi cha uso wa sayari, ambacho ni lazima. AFMU izime kwenye menyu ya moduli hadi utakapoihitaji, isikule umeme bure.

Hatua ya sita: acha safari ikulipie chombo

Watu hukimbilia uchimbaji na usafirishaji ili wapate fedha za chombo kikubwa, jambo ambalo silielewi tangu Odyssey itoke. Nunua Diamondback, funga kichota na FSD ya A, beba suti ya Artemis, ile ya kuchukulia sampuli, nenda miaka ya nuru mia chache hadi elfu moja hivi nje ya maeneo yaliyozoeleka. Tafuta sayari zenye wingi wa metali, zenye hewa nyepesi na joto la zaidi ya nyuzi 165 za Kelvini. Hizo mara nyingi hubeba kiumbe kiitwacho Stratum Tectonicas. Sampuli tatu zake, zilizopishana angalau mita 500, zinalipwa krediti 19,010,800 kwenye ofisi za Vista Genomics. Ukiwa wa kwanza kuiandikisha katika sayari hiyo, malipo yanakuwa mara tano, zaidi ya milioni 95. Sayari mbili za namna hiyo na Anaconda inaingia mfukoni, au bora zaidi, Mandalay yenye kichota cha daraja A.

Hatua ya saba: safari ya majaribio

Usianze na Sagittarius A*. Nenda Kilimia kwanza, kiasi cha miaka ya nuru 400, kisha nebula ya Orion, kama 1,300, halafu rudi. Ukiwa njiani angalia mambo yafuatayo kwa makini. Joto linafika asilimia ngapi ukichota na kuchaji kwa pamoja? Mafuta yanarudi kabla hujaanza kuchoka? Ukitua kwenye mteremko, taa ya buluu inawaka upesi au unazunguka? Na je, mandhari kutoka kwenye kiti chako inakufurahisha? Hilo la mwisho si dogo. Utakaa mle ndani saa nyingi kuliko unavyokaa kwenye matatu mwezi mzima.

Jaribu pia nyota ya neutroni moja kabla ya kuzitegemea. Ukipita ndani ya mkia wake, ule mwali unaochomoza kwenye nyota, FSD inachajiwa na mruko unaofuata unakuwa mara nne. Chombo cha 60 kinaruka 240. Ingia ukingoni mwa mkia, mbali na nyota yenyewe, mwendo wa wastani, na usishindane na usukani ukianza kuyumbishwa. FSD inaumia kidogo kila mara, AFMU inaitengeneza. Kibete nyeupe kinatoa nyongeza ya nusu tu na mkia wake ni hatari zaidi, sioni faida. Tovuti ya Spansh inapanga njia za neutroni vizuri kuliko ramani ya mchezo, ingawa ramani yenyewe siku hizi inapanga hadi miaka ya nuru 20,000 kwa mara moja.

Kuhusu stima: router na kompyuta ya mezani vikizimika ghafla mtandao unakatika, na kuna mahali pabaya pa kukatikiwa, hasa ndani ya mkia wa neutroni au mita mia mbili juu ya sayari nzito. UPS ndogo inayobeba router na kompyuta kwa dakika kumi inatosha kukutoa hapo. Jioni za mvua, wakati taa zimeanza kupepesa mtaani, fanya kazi ya kuskani tu na uache kutua hadi kesho.

Kurudi

Taarifa za ramani huuzwa Universal Cartographics na sampuli za viumbe huuzwa Vista Genomics, kwa hiyo chagua kituo chenye vyote viwili kabla hujafika. Epuka mifumo maarufu kama Deciat na Shinrarta Dezhra; kituo cha pembeni kinalipa bei ile ile. Ukiwa bado umebakiza miruko michache, toka hadi menyu kuu, ingia tena katika Solo, omba ruhusa ya kutua ukiwa ndani ya kilomita saba na nusu, punguza mwendo mlangoni, kisha uza ukurasa mmoja mmoja ili uone majina ya mifumo uliyokuwa wa kwanza kuifikia.